Ua la Usambara, jina la baroni

Katika duka la maua la Ujerumani, mmea mdogo wa dirishani wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau huitwa Usambaraveilchen. Sidhani wanunuzi wengi wanajua kwamba wanataja milima ya Tanga.

Vitabu vya mimea viliipa Usambara kisogo. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen, Hannover, aliuita mmea huo Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza lilimtukuza Walter von Saint Paul-Illaire, baroni aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani, pamoja na baba yake, aliyeupokea kutoka kwa mwanawe akamfikishia Wendland. La pili ni la Kigiriki: wenye maua kama ya urujuani. Ni sura tu. Na urujuani wa Ulaya hauna undugu wa karibu nao.

Wala baroni hakuwa wa kwanza. Miaka ya 1880 John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, na mmisionari W. E. Taylor wa Mombasa walikwisha kupeleka sampuli kwenye bustani ya mimea ya Kew, London. Hazikutosha kuuainisha mmea, zikakaa bila jina. Ajabu ni kwamba Taylor na baroni wote walikuwa wajuzi wa Kiswahili: baroni alitoa kitabu cha kufundishia lugha hii mwaka 1890, Taylor akachapisha methali zetu mwaka uliofuata. Lugha ya kuwauliza wenyeji wanauitaje, basi, walikuwa nayo.

Kwao porini mimea hii hushika mianya ya miamba yenye kivuli na unyevu, penye udongo kiasi cha kiganja. Mti wa juu ukikatwa, jua huyababua majani. Dukani haisumbui hivyo: jani moja likichomekwa udongoni huzaa miche. Kampuni ya Benary ya Erfurt ilianza kuuza mbegu zake, na mwaka 1926 wakulima wa Los Angeles wakaziagiza.

Mwaka 2015 wataalamu, kwa ushahidi wa vinasaba, waliuhamishia mmea huu kwenye jenasi ya Streptocarpus. Baroni akaondoka, Usambara haikuingia. Jina jipya maana yake ni tunda lililosokotwa, na tunda la mmea huu limenyooka.