Parafujo Iliyogawanya Duara

Kijana atakaye mkono wa roboti yake ya mashindano uinue mzigo, kisha ubaki juu hata mota ikizimwa, aghalabu huchagua parafujo iliyoshikamana na gurudumu la meno. Parafujo yenye uzi mmoja ikizunguka mara moja, gurudumu husogea jino moja tu. Yakiwa meno ni 40, hapana budi parafujo izunguke mara 40 ndipo gurudumu litimize mzunguko. Mwendo hupungua, nguvu huongezeka. Na uzi ukiwa na mtelemko mdogo, mzigo hauwezi kuirudisha parafujo nyuma. Lakini msuguano hula nguvu nyingi, na pasipo mafuta vyuma hupata moto vikalika.

Hila hii ni ya kale: Hero wa Iskanderia aliiandika katika karne ya 1. Ila faida yake kubwa kupita zote, kwa maoni yangu, haikuwa katika kuinua mizigo.

Baharia wa karne ya 18 aliweza kujua longitudo yake kwa kupima pembe baina ya mwezi na jua au nyota. Akikosea dakika moja tu ya pembe, hesabu ilipotoka kadiri ya maili 30 za bahari penye ikweta, masafa ya kutosha kuitupa merikebu mwambani usiku. Na mistari ya vipimo ilichorwa kwa mkono, kwa bikari, kazi ya taratibu isiyokosa makosa.

Jesse Ramsden, fundi wa London aliyezaliwa mwaka 1735, alitengeneza mashine yenye gurudumu la upana wa inchi 45, lenye meno 2,160 ukingoni. Hesabu mwenyewe, msomaji: kila mzunguko wa parafujo uligeuza gurudumu dakika 10 kamili, na mizunguko sita digrii moja. Fundi alikanyaga kanyagio, akachora mstari, akakanyaga tena. Taabu ilikuwa kuyakata meno yale yalingane, kwani kosa la gurudumu lingerithiwa na kila chombo kilichopita juu yake.

Bodi ya Longitudo ya Uingereza ilimlipa pauni 615, na mwaka 1777 ikachapisha maelezo ya mashine hiyo. Ilimpa sharti pia, nami naliona bora kuliko fedha zile: awafundishe mafundi wengine, na awachoree sekstanti zao kwa shilingi 6 kila moja.