Rangi za Vita Chini ya Rwenzori

Mtu anayepaka rangi mifano midogo ya kijeshi akisimama Kilembe na kutazama huku na huku, macho yatampotosha. Juu yake kuna msitu na ukungu, na juu zaidi theluji ya Margherita, mita 5,109. Chini, ukishaipita Kasese kuelekea Bwera na mpaka wa Kongo, ni mbuga ya nyasi zilizokauka manjano. Atadhani majeshi yaliyopita hapa yalichagua rangi kwa kuifuata nchi. Hayakuchagua. Rangi zilikuja na mwenye kuuza au mwenye kutawala, na historia ya sare za pembe hii ni historia ya maghala ya watu wengine.

Kaki ilitangulia. King's African Rifles, yaani KAR, iliundwa mwaka 1902, na batalioni yake ya 4 ikawa ya Uganda. Kaki hiyo Waingereza walikuwa wameizoea India kabla hawajaileta Afrika. Ng'ambo ya mpaka, askari wa Force Publique ya Wabelgiji walivaa bluu na tarabushi nyekundu, mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipowahamisha kwenye kaki. Kwa hiyo askari wa Kongo wa 1910 aliyepakwa kaki ni kosa. Wa 1917 ni sawa. Vita hivyo vilileta pia kituko kimoja ninachokipenda: Waingereza katika Afrika Mashariki waliwapaka baadhi ya farasi wao milia ili waonekane punda milia kwa mbali. Hapo nchi yenyewe iliigwa, tena kwa brashi. Na kwenye delta ya Rufiji, Wajerumani waliificha manowari Königsberg kwa matawi ya miti, hadi ilipoangamizwa Julai 1915.

Mabadiliko makubwa yalikuja Burma, katika Vita Kuu ya Pili. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye nembo ya kichwa cha kifaru, ilishuka bonde la Kabaw katika mvua za monsuni za 1944 na kufika Kalewa, kwenye mto Chindwin, mwezi Desemba. Batalioni ya 4 ya Uganda ilikuwemo. Kaki ilionekana waziwazi kwenye majani mabichi, hivyo askari wakavishwa kijani cha msituni. Lakini kijani hicho hakikuwa kimoja. Ziko nguo zilizotoka kiwandani zikiwa kijani, na ziko kaki za zamani zilizochovywa rangi. Zikifuliwa na kuanikwa juani, nyingine zilichujuka zikawa kijivu, nyingine zikaelekea manjano. Anayepaka kikosi kizima kwa kopo moja amechora duka la nguo, si jeshi. Changanya angalau aina tatu za kijani, na magotini na mabegani uziongezee weupe kidogo.

Baada ya uhuru, muuzaji akabadilika tu. Jeshi la Uganda lilikuwa na vifaru vya Sherman vilivyopitia Israeli, na vingine vya Kisovieti. Tanzania, iliyoingia Kampala Aprili 1979, ilikuwa na vifaru vya Kichina aina ya 59. Hapa brashi haina kazi kubwa: kijani kimoja, kisha vumbi jingi.

Mabaka ndiyo yenye utamu. Zaire ya Mobutu, ndiyo Kongo ya leo, ilikuwa na kitambaa cha madoa ya chui, mnyama yule yule wa kofia ya rais. Nchi chache zimetangaza siasa zake kwenye sare kwa uwazi kiasi hicho. Ujerumani Mashariki nayo ilikuwa na kitambaa cha kijivu-zaituni chenye vistari vyembamba vya kahawia vinavyoshuka wima. Ujerumani ilipoungana Oktoba 1990, maghala yale yalibaki bila jeshi, na wapiganaji wa RPF, waasi wa Rwanda, wakaonekana wamevaa kitambaa hicho kwenye milima ya Virunga, kusini mwetu. Kilibuniwa kwa ajili ya misitu ya Ulaya. Katika kipimo cha 1:35, vistari hivyo ni adhabu ya macho. Katika 1:72 viache kabisa, pitisha kahawia hafifu kwa brashi kavu. Na kwa kadogo, askari watoto wa AFDL, waasi waliompindua Mobutu mwaka 1996 na 1997, usisahau gambuti nyeusi: ndizo zilizotembea kutoka mashariki hadi Kinshasa.

Orodha za rangi zenye namba, kama RAL ya Wajerumani iliyoanza 1927, zinamfaa mjenzi wa kifaru cha Kijerumani. Kwetu zinasaidia kidogo, kwa sababu nguo nyingi zilichujuka. Kumbuka pia kwamba hewa hufifisha rangi ya kitu kilicho mbali. Kadiri mfano ulivyo mdogo, ndivyo rangi inavyotakiwa kupaushwa. Udongo wa msingi wa mfano uchekeche kutoka shambani, si kwenye mabaki ya mgodi wa Kilembe, kwa maana yana shaba na kobalti. Wala usinunue nguo ya mabaka sokoni ukaiita sampuli: nchini Uganda raia haruhusiwi kuwa na sare za jeshi, na sheria ya 2005 ya UPDF, yaani jeshi la Uganda, haichezewi.

Kilichobaki kiko majumbani. Picha za nyeusi na nyeupe hazisemi rangi, ila wazee wanasema. Mwenye picha ya babu aliyekuwa KAR, Bwera au Kilembe, aandike nyuma yake kwa penseli mwaka, kikosi na rangi ya sare kama wazee wanavyoikumbuka, kabla hawajaondoka na kumbukumbu hiyo.