Vita Kuu ya Kwanza: Bifu Lililoanza Miaka 40 Kabla ya Risasi ya Sarajevo

Mwulize yeyote aliyekaa darasa la historia chanzo cha Vita Kuu ya Kwanza, atakujibu fasta: Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, alipigwa risasi Sarajevo tarehe 28 Juni 1914.

Sawa. Sasa mwulize hili: mwaka 1898 Elisabeth, mke wa Kaisari Franz Joseph wa nchi hiyo hiyo, aliuawa Geneva na Mwitaliano. Mbona Austria haikuivamia Italia? Kwa sababu muuaji hakuwa na nchi nyuma yake, na Italia ilikuwa mshirika. Yaani kilichoamua si mauaji yenyewe, ni uhusiano uliokuwepo kabla yake. Na uhusiano wa wakubwa wa Ulaya ulianza kuharibika zamani kweli.

1. Kidonda cha 1871

Kabla ya 1871 hakukuwa na nchi moja inayoitwa Ujerumani, zilikuwa dola nyingi. Prussia chini ya Otto von Bismarck ilizikusanya katika vita vya kuipiga Ufaransa. Dola mpya ikatangazwa Januari 1871 ndani ya kasri la Versailles, yaani sebuleni kwa aliyeshindwa! Ufaransa ikatozwa fidia ya faranga bilioni 5 na kunyang'anywa Alsace na sehemu ya Lorraine.

Bismarck alijua jirani huyo hatasahau. Kwa hiyo alihakikisha Ufaransa haipati rafiki.

2. Marafiki wanabadilika

Ujerumani ilifunga mkataba na Austria-Hungaria mwaka 1879, Italia ikaingia 1882, na mwaka 1887 ukafuata mkataba wa siri na Urusi. Lakini mwaka 1890 Kaisari kijana Wilhelm II alimwondoa Bismarck, na ule mkataba wa Urusi ukaachwa ufe. Urusi ikabaki peke yake. Kufikia 1894 ilikuwa imeungana na Ufaransa, na Ujerumani ikajikuta ina wapinzani mashariki na magharibi. Kosa hilo liliigharimu sana.

3. Mashindano ya manowari

Uchumi wa Ujerumani ulikua kwa kasi. Kufikia 1913 ilikuwa inazalisha chuma cha pua zaidi ya mara mbili ya Uingereza. Kwa sheria za 1898 na 1900 ikaanza kujenga jeshi kubwa la majini, ikidhani Mwingereza ataiheshimu. Matokeo yakawa kinyume. Uingereza ni kisiwa, chakula chake kingi kilikuja kwa meli, hivyo ikaona inakabwa koo. Mwaka 1906 ikazindua Dreadnought, manowari iliyozifanya zote za zamani zionekane mitumbwi, na mashindano yakaanza upya. Wakati huo huo ikapatana na wapinzani wake wa siku nyingi: Ufaransa 1904, Urusi 1907.

4. Je, walipigania makoloni?

Wengi husema waligombania Afrika. Ni kweli kwa kiasi, ila angalia hili. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya Uingereza, nayo ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini ambacho baadaye ilikigeuza kituo cha manowari. Wazanzibari hawakuulizwa. Kumbe wakubwa wakitaka, waliweza kumalizana mezani kwa mali ya watu wengine.

Kilicholeta balaa ni pale koloni lilipotumika kupima urafiki. Mwaka 1905 na tena 1911 Ujerumani ilichokoza kuhusu Moroko, ikitaka kuitenga Ufaransa na Uingereza. Badala ya kuachana, wawili hao wakazidi kushikana.

5. Balkani

Austria-Hungaria ilikuwa na mataifa mengi ndani yake, na Waserbia waliokuwa chini yake waliitazama Serbia kama ndugu. Mwaka 1908 ikaitwaa rasmi Bosnia. Serbia ilikasirika, lakini mlezi wake Urusi alikuwa bado anauguza kipigo cha Japani cha 1905, akanyamaza kwa aibu na kuapa kutonyamaza tena. Vita vya Balkani vya 1912 na 1913 vikaongeza eneo la Serbia karibu maradufu. Vienna ikaingiwa na hofu.

6. Hofu na ratiba za treni

Hapa ndipo penyewe. Kila upande uliamini unajilinda. Urusi ilikuwa inapanua jeshi lake kwa mpango wa kukamilika 1917, na reli zake nyingine zilijengwa kwa mikopo ya Ufaransa. Majenerali wa Berlin wakawaza: kama vita haviepukiki, bora sasa kuliko baadaye. Mpango wao ulitaka Ufaransa ipigwe katika wiki chache kupitia Ubelgiji, kisha askari wapelekwe kwa treni kumkabili Mrusi. Kuchelewa siku chache tu kungevuruga kila kitu.

Basi silaha za wauaji wa Sarajevo zilipobainika kutoka Serbia, mashine ikawaka. Austria ilitangaza vita tarehe 28 Julai, Urusi ikaita askari wake wote, Ujerumani ikatangaza vita dhidi ya Urusi tarehe 1 Agosti na Ufaransa tarehe 3. Tarehe 4 ikaingia Ubelgiji, na Uingereza nayo ikajitosa.

Nani wa kulaumiwa?

Mkataba wa Versailles wa 1919 uliibebesha Ujerumani na washirika wake. Mwanahistoria Mjerumani Fritz Fischer naye aliinyooshea kidole nchi yake mwaka 1961. Christopher Clark, katika kitabu chake cha 2012, aligawa lawama kwa wote. Ubishi haujaisha.

Sisi tunajua nani hakuhusika. Novemba 1914 vita vilikuwa vimeshafika Tanga. Wapagazi wa Kiafrika waliokufa upande wa Waingereza pekee walihesabiwa zaidi ya 40,000, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi chao, Carrier Corps. Alsace hawakuwahi hata kuisikia.

Mdau, unaonaje: vita hivi vingeweza kuzuilika? Na kama ndiyo, mwaka gani ulikuwa wa mwisho?