Mkono wa Kushoto na Mkono wa Kulia: Sheria ya Njia Mpakani pa Kagunga

Mtu afundishwaye kuendesha gari Tanzania huambiwa kwanza ashike mkono wa kushoto wa njia, naye hulipokea agizo hilo kana kwamba liliumbwa pamoja na barabara. Lakini Kagunga, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika kaskazini ya Kigoma, kimepakana na Burundi. Na huko Burundi mwanafunzi huagizwa kinyume chake, ashike kulia. Milima ni ile ile, ziwa ni lile lile. Ni nini basi kilichoitenga mikono ya majirani?

Jawabu limo katika historia. Kabla ya vita vya 1914 pande zote mbili zilitawaliwa na Wajerumani. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliitwaa Kigoma. Mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji walipatana: Ruanda na Urundi zikawa za Ubelgiji, Tanganyika ikawa ya Uingereza; na mwaka 1921 Wabelgiji wakaondoka Kigoma. Hata leo, katika nchi nne zilizozunguka ziwa, Tanzania na Zambia hushika kushoto, Burundi na Kongo hushika kulia.

Kwa hiyo mwalimu atoaye amri bila sababu humfunza mwanafunzi nusu tu. Usukani wa gari la Tanzania uko kulia ili dereva akae karibu na katikati ya njia, aone ajaye kabla ya kulipita gari lililo mbele. Akivuka mpaka na gari hilo hilo, hukaa ukingoni, na lori lililo mbele humziba macho. Yampasa abaki nyuma zaidi, asipite mpaka aone njia nyeupe. Hatari kubwa humngoja penye njia tupu na penye kona, ambapo mkono hurudia mazoea yake.

Mwaka 1915 meli iitwayo leo Liemba ilishushwa majini Kigoma. Miaka mia baadaye, mwaka 2015, iliwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga, wapata 600 kwa safari, wakifikishwa melini kwa mashua ndogo. Huko hapakuwa na kushoto wala kulia. Palikuwa na maisha ya watu mikononi mwa mshika usukani. Nahodha wengi, chombo huenda mrama: maana ya sheria si mkono upi, bali kila mmoja kujua mwenzake atafanya nini.