Kilo 600 za Sifongo kwa Chembe ya Dawa

Tangu karne ya 12, matabibu wa Salerno, kusini mwa Italia, walikuwa wakiwapa wagonjwa wa rovu majivu ya sifongo. Kwa nini uvimbe wa shingo ulinywea, hawakujua. Jibu lilichukua zaidi ya miaka 600. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois aligundua madini joto kwenye majivu ya mwani. Mwaka 1819 Andrew Fyfe wa Edinburgh akayakuta ndani ya sifongo. Mwaka uliofuata daktari Jean-François Coindet wa Geneva akawapa wagonjwa wake madini joto yenyewe na kuachana na majivu. Chumvi yenye madini joto inayouzwa leo Dodoma au Kisumu ina undugu na majivu hayo.

Baada ya hapo wakemia wengi walimpa sifongo kisogo, akabaki kitu cha kuogea. Aliyemrudisha maabara ni Werner Bergmann wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, naye hakuwa akitafuta dawa. Alikuwa akichunguza mafuta ya jamii ya kolesteroli katika wanyama wa baharini. Mwaka 1945 sifongo mmoja aliyeokotwa Elliott Key, kwenye pwani ya Florida, alichemshwa katika asetoni, na fuwele ambazo hakuna aliyezitarajia zikaanza kujitenga. Bergmann na mwenzake Robert Feeney walizichambua, na kufikia mwaka 1951 walikuwa wamechapisha walichokiona: vijenzi vinavyofanana na vile vya DNA, ila vimebeba sukari isiyo yake.

Sukari ya kawaida katika DNA yetu inaitwa dioksiribosi. Sifongo huyu alikuwa na arabinosi. Ukizilinganisha kwenye karatasi, tofauti ni kundi moja dogo la oksijeni na haidrojeni lililokaa mahali ambapo halipaswi kuwapo. Kwa seli inayojigawa, tofauti hiyo ni balaa. Vimeng'enya vinavyojenga DNA hudanganyika, hukichukua kijenzi bandia na kukipachika kama fundi anayeweka tofali lililopinda: la kufuata juu yake halikai, na ukuta husimama hapo hapo.

Wakemia wa California waliudaka ujanja huo haraka. Mwaka 1959 Richard Walwick, Walden Roberts na Charles Dekker wa Berkeley walitengeneza kijenzi cha aina hiyo, sitarabini, kwa mikono yao. Miaka miwili baadaye majaribio ya kampuni ya Upjohn yalionyesha kuwa inapambana na saratani katika panya, na mwaka 1969 Marekani ikairuhusu kutibu saratani ya damu. Mpaka leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ndugu yake, vidarabini, ilitengenezwa mwaka 1960 na kuruhusiwa mwaka 1976 dhidi ya virusi vya herpesi.

Hapa inafaa kuweka jambo moja sawa. Wapo wanaopenda kusimulia kwamba hata AZT, dawa ya kwanza ya kupunguza makali ya UKIMWI, ilitoka kwa sifongo. Hiyo ni kumpa mnyama huyu sifa isiyo yake. AZT ilitengenezwa maabara na Jerome Horwitz mwaka 1964. Kinachoziunganisha dawa hizo ni wazo la kuidanganya seli kwa kijenzi bandia, si damu moja. Na hata sitarabini yenyewe haikamuliwi kwa sifongo: bahari ilitoa kielelezo, maabara ikatoa dawa.

Sitarabini ilikuwa rahisi kuiga kwa sababu ni molekuli ndogo. Kazi ngumu ilikuja Japani. Mwaka 1986 Yoshimasa Hirata na Daisuke Uemura walitangaza kampaundi iitwayo halikondrini B, kutoka kwa sifongo mweusi Halichondria okadai. Iliua seli za saratani kwa kiasi kidogo mno, na kidogo ndicho kilichokuwapo: walichakata kilo 600 za sifongo wakapata miligramu 12.5. New Zealand nako kulipatikana sifongo mwingine mwenye kampaundi hiyo. Tani moja nzima ikavuliwa, ikatoa takriban miligramu 300. Kwa hesabu hiyo, kuwatibu wagonjwa wa dunia kwa kuvua sifongo kungemaliza sifongo kabla ya kumaliza wagonjwa.

Njia ilifunguliwa na Yoshito Kishi, Mjapani aliyefundisha Harvard. Mwaka 1992 yeye na wanafunzi wake waliijenga halikondrini B yote tangu mwanzo. Kampuni ya Eisai ikavijaribu vipande vya ujenzi huo, na ikabainika kuwa nguvu ya kuua saratani imo katika nusu moja tu ya molekuli. Nusu hiyo, ikiwa imerekebishwa, ndiyo eribulini, iliyoruhusiwa Marekani Novemba 2010 kwa saratani ya matiti iliyosambaa. Katika jaribio lililohusisha wanawake 762, waliopewa eribulini waliishi miezi 13.1 kwa wastani wa kati, na waliopewa tiba nyingine miezi 10.6. Ni dawa inayohitaji hatua zaidi ya 60 za kemia, na bei yake inalifuata jasho hilo.

Baadaye hata umiliki wa sifongo juu ya sumu zake ulitiwa shaka. Mwaka 2014 kundi la watafiti la Jörn Piel lilionyesha kuwa karibu kampaundi zote mashuhuri za Theonella swinhoei, sifongo mmoja anayependwa sana na wakemia, hutengenezwa na bakteria Entotheonella wanaoishi ndani yake.

Pwani ya Afrika Mashariki ina sifongo tele kwenye matumbawe yake. Wanawake wa Jambiani, Unguja, huwalima kwenye kamba baharini, lakini sifongo wao ni wa kuogea. Kuhusu wale wa maabara, mwaka 1992, mwaka ule ule wa Kishi, matini ya Mkataba wa Bioanuwai ilipitishwa Nairobi, ikatambua mamlaka ya kila nchi juu ya viumbe vyake. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ikafafanua mgawanyo wa faida. Anayeomba kibali cha kuchukua sampuli Pemba au Malindi aulizwe mapema nani atakuwa na haki juu ya molekuli itakayoigwa, na jibu liandikwe kabla hajazama, kwa kuwa akishaondoka na gramu zake chache huenda asiwe na haja ya kurudi.