Tuma na ya Kutoa

Kuna sentensi moja ya Kenya ambayo sijawahi kuiona kwenye kitabu cha historia, ingawa nina hakika inasemwa mara nyingi kuliko wimbo wa taifa: "Tuma na ya kutoa." Ukimtumia mtu wa ushago elfu moja, unaongeza kidogo juu, ili akitoka kwa wakala awe na elfu moja kamili mkononi. Usipoongeza hakuna atakayekushtaki, lakini utajulikana. Nina binamu ambaye hutuma elfu moja kavu, na kwenye mikutano ya familia jina lake halitajwi bila watu kutazamana.

Hiyo ya kutoa ni nzee kuliko simu. Tangu mtu wa kwanza aondoke nyumbani kwenda kutafuta kazi mjini, kati yake na nyumbani kumesimama mtu anayekata kidogo.

Na kwa nini aliondoka? Tunapenda kusema kwamba kutuma pesa nyumbani ni utamaduni wetu, Mwafrika hasahau kwao. Sawa, lakini kuna serikali katika hadithi hii. Kuanzia 1901 Waingereza walitoza kodi ya nyumba, yaani kila nyumba ya kijijini ilikuwa na deni kabla hata mwenyewe hajaamka. Mwanzoni walikubali mifugo au kazi, lakini walichotaka hasa ni rupia, na rupia hazikuota shambani. Zilipatikana kwenye mashamba ya walowezi, kwenye reli, Mombasa na Nairobi. Mwanamume akaenda, akalipwa mshahara uliopimwa kama kwamba hana mke wala mtoto, kisha akatarajiwa kutuma sehemu nyumbani. Sehemu ya kile alichotuma ilirudi kwa serikali ileile. Kwa hivyo nusu ya utamaduni huu wetu iliandikwa na mkusanya kodi.

Pesa zilisafiri vipi? Kulikuwa na hawala ya posta, ambayo ilikuwa salama, ila mpokeaji alihitaji kufika mjini na kitambulisho, na nauli ya kufika huko ndiyo ilikuwa ya kutoa. Kulikuwa na mtu wa kwenu anayeenda likizo. Na kulikuwa na dereva wa basi. Mjomba wangu, aliyefanya kazi Industrial Area miaka ya themanini, alikunja noti ndani ya gazeti, gazeti ndani ya paketi ya majani chai, akampa dereva jioni. Asubuhi kulikuwa na mtu steji anamngoja. Dereva alipata "ya chai". Mara moja paketi ilifika ikiwa na majani chai tu, na mjomba akaendelea kumtumia dereva huyohuyo, kwa sababu mwingine angekuwa nani?

Halafu simu. Shirika la posta na simu lilivunjwa 1999. Mwaka uliofuata Vodafone ya Uingereza ikashika asilimia 40 ya Safaricom, Kencell nayo ikaingia sokoni. Miaka michache baadaye tungeweza kumsambazia mtu kredo, na hapo watu wakafanya jambo ambalo hakuna aliyewafundisha: wakaanza kutumia kredo kama pesa. Unatuma kredo ya mia tatu, anayeipokea anampelekea mwenye duka, mwenye duka anampa mia mbili na kitu. Kukatwa kupo palepale.

Sasa sikiliza jinsi M-Pesa inavyosimuliwa kwenye mikutano ya hoteli kubwa. Inaanza na Vodafone, na pesa za msaada za serikali ya Uingereza, na wataalamu. Yote ni kweli. Majaribio yalianza Oktoba 2005, Thika na Nairobi, pamoja na Faulu, shirika la mikopo midogo. Nia ilikuwa wakopaji walipe mikopo yao kwa simu. Lakini wakopaji walipopewa kile chombo walikigeuza. Walitumiana pesa wao kwa wao. Wengine waliweka pesa kwenye simu asubuhi, wakasafiri, wakazitoa walikofika, ili wasiibiwe njiani. Mkopo ukawa jambo dogo. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, kauli ya tangazo ilikuwa kutuma pesa nyumbani. Wazo hilo halikutoka London. Lilitoka kwa wateja wa majaribio, ambao majina yao huyasikii kwenye mikutano hiyo.

Miezi kumi baadaye nchi iliwaka. Nilikuwa shule ya msingi, tukiishi Nakuru, na kufikia mwisho wa Januari 2008 hatukutoka nje ya geti. Barabara zilifungwa, kwa hivyo ile njia ya dereva wa basi ikafa. Shangazi yangu wa Nairobi alitutumia kredo kidogokidogo, kila alipopata kadi ya kukwaruza. Mwenye duka wa nyuma ya nyumba yetu alikuwa wa lile kabila ambalo wiki hiyo hatukupaswa hata kulisalimu. Baba alimpitishia kredo usiku, naye akapitisha unga dirishani. Kwa kila mia alikata ishirini. Sijawahi kumsikia baba akilalamikia hizo ishirini. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika miezi hiyo miwili, na watu wengi waliobaki hai wana hadithi ya simu ndani yake.

Wakubwa walikuja kuiona baadaye. Katikati ya 2008 serikali iliuza robo ya Safaricom, shilingi tano kwa hisa, na watu wakakopa ili wanunue. Desemba mwaka huohuo, benki zikiwa zimenung'unika vya kutosha, kaimu waziri wa fedha John Michuki akaamuru M-Pesa ikaguliwe. Ikapita. Na kitu kikishapita ukaguzi Kenya, kinachofuata ni kodi: asilimia 10 ya ada kuanzia 2013, 12 mwaka 2018, 15 mwaka 2023.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwa bei zilizoanza 2023, kutuma elfu moja ni shilingi 13 na kuitoa ni 29. Jumla 42, na sehemu yake ni ya serikali. Ujumbe unaoingia kwenye simu unakuambia gharama tu. Haukwambii ni ngapi ya kampuni na ni ngapi ya Hazina. Na kwa kuwa adabu zetu zinamtaka anayetuma alipe pande zote mbili, mzigo wote unamwangukia yuleyule wa 1901, aliye mjini kwenye mshahara. Wakati wa korona, kuanzia Machi hadi Desemba 2020, kutuma hadi elfu moja kulikuwa bure, na tulikata pesa vipandevipande kama nyama ya sherehe. Ya kutoa haikuguswa.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka ile 15 iwe 20. Kamati ya bunge ilikiondoa kipengele hicho tarehe 18 Juni, wiki moja kabla ya vijana kuingia bungeni, na mswada wote ukafa tarehe 26. Mkate ulipata vichwa vya habari zaidi. Lakini marafiki zangu waliokwenda mjini ile Jumanne, karibu wote ni watu wanaotuma. Wana miaka ishirini na kitu, mshahara haufiki tarehe kumi, na kila mwisho wa mwezi wanaandika namba ya mtu wa nyumbani bila kuitafuta kwenye orodha. Hakuna aliyekuwa akizungumzia rupia wala reli.

Mama yangu sasa anaishi ushago na hatoi pesa tena. Maziwa analipa kwa simu, fundi kwa simu, hata sadaka. Mwezi uliopita nilimwuliza kwa nini basi bado anataka ya kutoa. Alisema huwa anaiweka kando ya vifaranga, na tayari wamefika kumi na wawili.