Rumonge: mara mbili kwenye dawati la mtoto

Ndugu zetu, wengi tunadhani darasa la lugha la watu wazima ni kitu cha mashirika, kimekuja pamoja na mahema. Hapana. Familia za mwambao wa Rumonge na Nyanza-Lac zimeshakaa kwenye madawati ya watoto mara mbili. Mara ya kwanza ugenini, mara ya pili kwao.

Kiswahili hakikuletwa Rumonge na wakimbizi. Wafanyabiashara wa Ujiji walifika kwa mitumbwi karne ya 19, na lugha ikabaki mwaloni na sokoni, kwenye ndagala, mukeke na mawese. Ukipanda mlima kidogo tu, ni Kirundi. Na huko juu neno "umuswahili" lina maana ya pili: mtu mjanja, mwongo. (Msijifanye hamjui.)

Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulilipuka upande huu wa ziwa, watu wakauawa. Kisha jeshi likaua wengi zaidi, nchi nzima. Makumi ya maelfu wakakimbilia Tanzania, na serikali ya kule ikawapeleka mbali na mpaka: Ulyankulu, Katumba, baadaye Mishamo. Kila familia ikapewa shamba porini, ikaambiwa lima.

Sasa angalieni wakati waliofika. Nyerere alikuwa ametangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Shule nyingi za msingi zilikuwa za watoto asubuhi, jioni za wazazi. Kisomo kikafika na kwenye makazi ya Warundi. Watu wa mwambao walikuwa na nafuu, mdomoni Kiswahili walikuwa nacho. Wa milimani walianzia kwenye salamu. Lakini kuongea si kusoma. Mtu aliyekuwa na wajukuu alikunja magoti kwenye dawati la mtoto wa miaka saba, akashika chaki. Bibi wa mmoja wetu alijifunzia Katumba kuandika jina lake. Anasema wanaume walikuwa wanaona haya kuliko wanawake, wanakuja giza likishaingia.

Ikapita miaka 35. Mwaka 2008 safari za kurudi zikaanza, na takriban watu 50,000 wa makazi yale wakarudi Burundi, wengi wao wamezaliwa Tanzania. Kirundi cha nyumbani walikuwa nacho, ila kimechanganyika. Wenyeji wakawacheka, wakawaita Watanzania. Kijana aliyesoma sekondari kwa Kiingereza akakuta masomo ni Kifaransa, akarudishwa chini akae na wadogo zake. Yakaanzishwa masomo ya lugha, Kifaransa na Kirundi, ili watoto waingie shuleni.

Hapa ndipo tunaona kosa, na ndugu wa mashirika mnaotusoma mtuvumilie. Nguvu nyingi ilikwenda kwa watoto. Mzazi akaachwa ajifunze mwenyewe sokoni. Haya, soko la Rumonge litamfundisha nini? Kiswahili, ambacho amekuja nacho!

Na mzazi ndiye aliyekuwa na kesi. Mashamba ya waliokimbia 1972, pamoja na michikichi yake, yalikuwa na watu wengine, baadhi wamepewa na serikali, baadhi wamenunua kwa haki kabisa. Tume ya ardhi iliyoundwa 2006 ilikuwa inasikiliza pande zote mbili. Unasimama pale unaeleza mpaka wa shamba la baba yako, jirani anaeleza wake, halafu inaletwa karatasi ya Kifaransa. Nani anakusomea? Mtoto wako wa darasa la tano, kama yupo. Kama hayupo, unamtegemea mtu mwingine, na pengine mtu huyo ana upande wake. Ndiyo maana wazazi waliopata nafasi ya kuingia darasa la jioni hawakuanza na salamu za Kifaransa. Walitaka kwanza maneno ya shamba: mpaka, mrithi, shahidi, kugawana.

Bibi yule wa Katumba aliitiwa karatasi yake. Aliomba asomewe mara tatu, na watu watatu tofauti. Wino wa dole gumba ulikuwa tayari mezani. Akausogeza pembeni, akaomba kalamu.